Jora la Merekani: Pamba, Utumwa na Vita Vilivyofika Mpaka Songea

Wengi mnanijua kwa mitandio na doti za kanga ninazokuja kuchukua Darajani na kurudi nazo Songea. Leo sina mshono mpya wala bei mpya. Nimekuja na historia, na mnisamehe ikiwa ndefu kidogo.

Ilianzia dukani kwangu. Mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja kupimwa gauni la send-off ya binti yake. Nikiwa nimepiga magoti nampima urefu, akamwambia mwenzake aliyekaa kwenye benchi kwamba ndoa ile moyo wake haiutaki. Kijana anaswali, ana kazi, hana tabia mbaya. Shida ni ukoo. "Wale si Wangoni wenyewe," akasema. "Babu zao walikuwa mateka. Watu wa kununuliwa kwa nguo."

Nilikuwa na pini mdomoni, sikujibu. Nikaandika vipimo, nikapokea nusu ya malipo, wakaondoka. Ila lile neno lilinikaa. Mimi naishi kwa nguo. Na bibi yangu mzaa mama aliwahi kuniambia, mara moja tu, kwamba bibi yake yeye aliletwa Ungoni akiwa mtoto mdogo, akitokea ng'ambo ya mto Ruvuma, na mpaka anakufa hakujua jina la kijiji chao. Kwa hiyo nikataka kujua: ni nguo gani hiyo iliyonunua watu? Na vita gani viliukomesha utumwa huo, kama kweli viliukomesha?

Nguo yenyewe

Nguo hiyo ina jina ambalo mpaka leo mafundi tunalijua: merekani. Ni ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, ngumu, ya kushonea kanzu za kazi na kutandikia. Iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani kweli. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Wamarekani, na mwaka 1837 wakaweka konseli wao Unguja. Meli zao zilitoka mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, zikileta majora ya merekani na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Kitambaa kilikuwa imara, watu wakakipenda, kikawa kama fedha. Msafara wa kwenda bara ulibeba merekani, kaniki, shanga, bunduki na baruti. Kwa vitu hivyo walinunua pembe, na walinunua watu.

Sasa sikilizeni dada zangu. Viwanda vya Massachusetts vilipata wapi pamba? Kutoka majimbo ya Kusini ya Marekani, ambako ililimwa na kuchumwa na watumwa weusi, wanawake kwa wanaume. Yaani mwanamke aliyetekwa karibu na Ruvuma aliweza kuuzwa kwa kitambaa cha pamba iliyochumwa na mwanamke mwingine mtumwa, ng'ambo ya bahari mbili. Hawakujuana, lakini jora lilikuwa moja.

Njia yetu ya kusini ilikuwa kubwa. Ilitoka Kilwa Kivinje mpaka Ziwa Nyasa, ikikatisha nchi hizi ambazo leo tunapita kwa basi kupitia Namtumbo na Tunduru. Katika miaka ya 1860, watumwa karibu 20,000 walipitia Kilwa kila mwaka, wengi wakipelekwa Unguja. Wangoni waliofika huku kutoka kusini mwa Afrika nao walikuwa watu wa vita. Walijenga nguvu yao kwa kuteka watu wa makabila mengine. Wengi wa mateka waliingizwa kwenye koo na majeshi yao, wanawake wakaolewa humo humo. Wengine waliuzwa kwa wafanyabiashara wa pwani. Ukweli huu hauwafurahishi watu wa kwetu, ila ndio ukweli.

Vita vya Marekani, 1861 hadi 1865

Mwaka 1860 Marekani ilikuwa na watumwa karibu milioni 4. Mwaka huo Abraham Lincoln alichaguliwa kuwa rais, mtu aliyepinga utumwa usienee kwenye maeneo mapya. Majimbo ya Kusini yakajitenga moja baada ya jingine, na Aprili 1861 majeshi yao yakaipiga mizinga ngome ya Fort Sumter. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza.

Mwanzoni Lincoln alisema anapigania nchi isigawanyike. Hakusema anawakomboa watumwa. Lakini watumwa wenyewe hawakungoja. Kila jeshi la Kaskazini lilipokaribia, walitoroka mashambani kulifuata. Septemba 1862, baada ya mapigano makali ya Antietam, Lincoln akapata nguvu ya kutoa tangazo, na tarehe 1 Januari 1863 watumwa wa majimbo yaliyoasi wakatangazwa huru. Angalieni hapo: ni wa majimbo yaliyoasi tu. Watumwa wa majimbo yaliyobaki upande wake hawakuguswa na tangazo hilo.

Hata hivyo lilibadili vita. Watu weusi karibu 180,000 wakavaa sare za jeshi la Kaskazini. Julai 1863 Kusini ikashindwa Gettysburg, na siku iliyofuata ikaupoteza mji wa Vicksburg kwenye mto Mississippi. Toka hapo haikusimama tena vizuri. Aprili 1865 jenerali wao Robert Lee alisalimu amri, siku chache baadaye Lincoln akapigwa risasi na kufa, na Desemba mwaka huo katiba ikabadilishwa na utumwa ukafutwa nchi nzima. Watu zaidi ya 600,000 walikuwa wamekufa. Waliokombolewa wakapata uhuru bila ardhi, na wengi wakarudi kulima pamba ile ile kwenye mashamba ya mabwana wale wale, safari hii kwa kugawana mavuno.

Moshi wa vita vile ulifika Unguja kwa njia ya dukani. Bandari za Kusini zilifungwa na meli za kivita, pamba ikaadimika, merekani ikapungua sokoni. Vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi yake. Jina la merekani likabaki. Na biashara ya watu? Miaka ile ile Wamarekani wanauana kwa sababu ya utumwa, Kilwa ndiyo ilikuwa na shughuli kubwa kuliko wakati wowote. Aliyenunua mtu kwa nguo ya Massachusetts sasa alimnunua kwa nguo ya Bombay.

Soko linafungwa, utumwa unabaki

Kwetu hapakuwa na siku moja ya tangazo. Mikataba ya Waingereza na Sayyid Said ya 1822 na 1845 ilipunguza tu maeneo ya kuuzia watumwa. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu ya Unguja. Pemba ikasalimika, na mashamba yake yakazidi kutaka wafanyakazi.

Juni 1873 Sayyid Barghash, akitishiwa kuzungukwa na meli za kivita za Waingereza, alitia saini mkataba wa kukomesha kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Soko la Mkunazini likafungwa, na mahali pale likajengwa kanisa kuu la Waanglikana ambalo wageni huenda kulitazama hadi leo.

Lakini aliyekuwa tayari mtumwa hakuachiwa. Na wafanyabiashara wakatafuta njia nyingine: badala ya jahazi, watu walitembezwa kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini kando ya pwani, ili wavushwe usiku kwenda Pemba. Ndipo mwaka 1876 Barghash akapiga marufuku na misafara ya nchi kavu. Biashara ikapungua sana, lakini haikufa.

Vita kwa jina la kukomesha utumwa

Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilipandisha bendera yake kwenye miji ya pwani. Watu wakakataa. Pangani alisimama Abushiri bin Salim, Saadani akasimama Bwana Heri, na Kilwa watu waliwaua maofisa wawili wa kampuni. Kati ya waliopigana kulikuwa na watu wa kawaida waliochoka na dharau ya wageni, na kulikuwa na matajiri waliokuwa wakilinda biashara zao, na biashara ya watumwa ikiwemo. Tusiwafanye wote kuwa kitu kimoja.

Serikali ya Ujerumani ilihitaji sababu ya kuleta jeshi. Ulaya wakati huo watu walikuwa wanahubiriwa makanisani dhidi ya biashara ya watumwa, na Januari 1889 Bunge la Ujerumani likapitisha maki milioni 2 kwa ajili ya kuikomesha na kulinda maslahi ya Wajerumani. Mambo mawili kwenye mfuko mmoja wa fedha. Hermann Wissmann akaja na askari. Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani, mwaka uliofuata Bwana Heri akasalimu amri, na mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya akanyongwa Kilwa.

Baada ya vita hivyo vilivyopiganwa kwa jina la watumwa, Wajerumani hawakufuta utumwa. Walizuia kuuza na kuteka. Mtumwa angeweza kujikomboa kwa kulipa fedha. Baadaye wakaweka sheria kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Mama yake? Abaki alivyo.

Mwaka 1897

Mwaka huu una mambo mawili. Unguja, tarehe 6 Aprili, Sayyid Hamoud bin Mohammed alitoa tangazo kwamba mahakama hazitatambua tena utumwa. Lakini ilimlazimu mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba, na aonyeshe ana pa kukaa na njia ya kujilisha, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Aliyelipwa fidia ni bwana. Wengi wakabaki mashambani, wakilima kidogo chao na kufanya kazi ya karafuu ili wasifukuzwe.

Na kulikuwa na kundi lililoachwa nje kabisa: masuria. Tangazo liliwahesabu kama wake wa nyumbani, wasiweze kuomba uhuru kama wengine isipokuwa kwa kuthibitisha ukatili. Watoto wa suria kwa sheria yetu ya Kiislamu ni huru, ni wa baba yao. Kwa hiyo mwanamke aliyetaka kuondoka ilibidi kwanza awaangalie wanawe usoni. Masuria walisubiri mpaka 1909, miaka 12 zaidi, ndipo nao sheria ikawahesabu.

Nasema hili kwa watu wa dini. Qur'ani inahesabu kumwachia mtumwa huru kuwa njia ya mlima, ngumu na yenye thawabu, na ni kafara ya makosa mengi. Na Mtume (s.a.w.) siku ya kufunguliwa Makka alimpandisha Bilal, mtu aliyewahi kuwa mtumwa, juu ya Al-Kaaba aadhini. Mlango ulikuwa wazi tangu zamani. Waliouona mzito kuufungua ni sisi wanadamu.

Huku kwetu, mwaka huo huo wa 1897, Wajerumani walijenga boma na kuwalazimisha machifu wa Kingoni waache kuteka. Kwa mateka ilikuwa nafuu. Bibi wa bibi yangu lazima alikuwa mmoja wa waliosikia habari hiyo. Lakini nafuu ile ilikuja na kodi, viboko na kazi ya lazima.

Pamba inarudi

Vita vya Marekani viliwafundisha watu wa viwanda wa Ulaya kwamba ni hatari kutegemea pamba ya nchi moja. Ujerumani ikaamua ilimwe kwenye makoloni yake. Ndivyo mashamba ya pamba ya kijiji yalivyoanzishwa kusini na pwani, chini ya majumbe na maakida. Watu walilazimishwa kulima, malipo yalikuwa kidogo mno, na mashamba yao ya chakula yakaachwa kwenye magugu. Mimi ninayekata pamba kila siku kwa mkasi, hapa nilisimama kusoma. Utumwa ulishapigwa marufuku kwa maneno, lakini anayelima pamba bado hana ruhusa ya kusema sitaki.

Julai 1905 watu wa Nandete, huko Umatumbi, waling'oa miche ya pamba. Vita vya Majimaji vikaanza. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya kinga, alinyongwa Mohoro mapema Agosti, lakini maji yalishatembea. Septemba yakafika Ungoni. Anayekumbukwa kuyapokea na kuyafikisha kwa wakubwa wenzake ni nduna mwanamke, Mkomanile.

Wangoni hawakuwa wakulima wa pamba. Walichukia kodi na kudharauliwa, na baadhi ya wakubwa walichukia pia kupoteza mateka wao. Na bado mateka wa jana na mabwana wao walipigana pamoja, wakaomboleza pamoja. Chifu Mputa Gama wa Njelu alikamatwa. Chabruma wa Mshope alipigana mpaka akavuka mpaka kuingia nchi ya Wareno. Tarehe 27 Februari 1906 watu zaidi ya 60 walinyongwa hapa Songea, Mputa na Mkomanile wakiwemo, na kuzikwa kwenye kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Familia yake inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na hadi leo kinatafutwa.

Kwa sheria ile niliyowaambia, mtoto wa mtumwa aliyezaliwa Songea Januari 1906 alizaliwa huru. Mwezi wa pili alizungukwa na vinyongeo. Kisha ikaja njaa, kwa sababu maghala na mashamba yalichomwa makusudi ili watu wasalimu amri. Wajerumani walikadiria vifo 75,000 katika vita vyote. Wanahistoria wetu wanasema ni 250,000 au zaidi. Wengi waliuawa na njaa wala si risasi, na kwenye njaa mnajua anayenyimwa kwanza.

Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Yaani karibu miaka 50 baada ya soko la Mkunazini kufungwa.

Nguo tuliyochagua wenyewe

Visiwani, mwanamke mtumwa alivaa merekani au kaniki, kichwa wazi. Kujifunika na kujipamba kulikuwa kwa wenye hadhi. Baada ya 1897 wanawake waliotoka utumwani walianza kununua kanga, nguo yenye rangi, pindo na mji wake, nguo ya kuchagua mwenyewe dukani. Wakajifunika vichwa kama waungwana, na baadaye wakavaa buibui. Mimi nikifungua doti mpya mbele ya mteja huwakumbuka hao. Hawakungoja mtu awathibitishie kwamba wao ni huru.

Yule mama alirudi baada ya wiki kuchukua gauni. Nikamvalisha, nikamgeuza mbele ya kioo. Kisha nikamwambia taratibu, "Mama, siku ile ulisema watu wa kununuliwa kwa nguo. Bibi wa bibi yangu alikuwa mmoja wao. Na mimi ndiye ninayekushonea."

Akanyamaza. Akatazama mikono ya gauni muda mrefu. Akasema, "Sikukusudia wewe, mwanangu." Nikamjibu najua, lakini yule kijana naye ni mtoto wa mtu. Nikamwambia pia kwamba kwenye kaburi lile la Mahenge, ambapo kila Februari tunakwenda kuwakumbuka mashujaa na ambapo Novemba 2023 Rais wa Ujerumani alikuja kuomba msamaha, hakuna mtu anayeweza kutenganisha mfupa wa Mngoni mwenyewe na wa mateka.

Alilipa nusu iliyobaki, akaniomba nipunguze kidogo kiunoni. Mlangoni akauliza kanga za sare ya akina mama wa upande wa bwana harusi nazo naweza kuzileta kutoka Unguja. Nikamwambia naweza, anipe idadi.

Dada zangu, kama bibi zenu wako hai, waulizeni kabla hawajaondoka. Waulize kwa upole, ukiwa umeshika hata kazi mkononi, kuchambua mchele au kusuka ukili, maana jambo hili halisemwi macho kwa macho. Na ukisikia jibu usilotarajia, usilifiche kwa watoto wako.

Wabillahi tawfiq. Tukijaaliwa tutaonana Darajani.